Gari la Kukodi na Jicho la Mama Mkwe

Mwanangu, kaa kidogo. Iko siku moja ambayo sijaisahau, ingawa nimeshachoka kuikumbuka. Sikuwa na mvi bado. Tulikuwa tumevuka ziwa kutoka Congo, tumepita kambi ya wakimbizi ya Kenani, tumeanza kupata riziki hapa Nchelenge, upande wa Zambia, kwa samaki, nami nilikuwa na pikapu. Pikapu ile niliipenda vibaya, sikufichi. Mbele kiti kimoja kirefu cha watu watatu, nyuma wazi kwa mzigo, bati lake nene. Nilikuwa na tabia ya kugonga kila kitu kwa vidole, kama tunavyogonga mbao za mtumbwi kabla ya kununua. Ikitoa sauti nzito, nanunua. Ikilia kama debe, naondoka zangu.

Basi mama mkwe wangu alikuwa anasafisha samaki, mwiba ukamchoma jichoni. Kliniki wakamfunga bandeji, wakasema afike hospitali ya Mansa siku hiyohiyo, na njiani asipigwe na upepo wala vumbi. Jicho lingeweza kupona.

Mke wangu, mama Kabwe, hakuniuliza. Alikwenda mwenyewe mjini Kashikishi, akakodi gari dogo la milango minne. Alijua alichofanya. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega, hata kutazamana usoni ni aibu. Katika gari lile mama angekaa nyuma na binti yake, mimi mbele na usukani, heshima ya kila mtu ingebaki mahali pake.

Nililigonga mlango. Likalia kama kifuniko cha sufuria! Nikabonyeza bampa kwa dole gumba, ikaingia ndani. Nikainua zulia la buti, chini nikakuta kitu kama katoni. Vitufe vingi, harufu ya manukato, na chuma sikukiona. Nikamwambia mama Kabwe kwamba waliolitengeneza walikuwa na haraka ya kwenda kula. Hata hivyo tukaenda nalo kumchukua mama kliniki, na kurudi nyumbani kufunga mizigo. Njia ya mtaani ilikuwa vumbi tupu, na nikuambie ukweli, ndani ya gari lile haikuingia hata punje. Vioo vilifunga vizuri, mlango ulishika. Niliona, nikanyamaza. Tulipopiga shimo, plastiki ya chini ya injini ikaachia, ikaanza kuburuta, na moyo wangu ukafurahi. Nilifurahi, mwanangu, mgonjwa akiwa nyuma yangu.

Plastiki yenyewe ingefungwa kwa waya dakika mbili. Mimi nikasema gari hili halifiki Mansa, nikalirudisha kwa mwenyewe, nikawasha pikapu. Mama Kabwe akauliza mama atakaa wapi. Nikatandika godoro nyuma, nikafunga turubai juu, nikasema huko ni salama kuliko kwenye kile kikopo. Mama mkwe alijifunika kitenge kichwani, akapanda bila neno. Angesema nini? Mila inamkataza kubishana na mume wa binti yake. Mke wangu akapanda pamoja naye, akamshika kichwa.

Saa zote zile, mwanangu, niliendesha peke yangu, na kiti cha watu watatu. Turubai lilikuwa linapiga makofi huko nyuma. Pikapu haikusumbua hata kidogo. Tulipofika nilishuka nikaipiga bodi mkono, nikaisifu kwa sauti ili mke wangu asikie. Yeye alikuwa anamshusha mama yake. Nywele zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi.

Muuguzi alipofungua bandeji, ilikuwa na vumbi mpaka ndani. Walijitahidi siku nyingi. Jicho halikupona. Nilimuuliza daktari kama ni vumbi. Alisema hawezi kujua, kidonda kilikuwa kibaya tangu mwanzo. Jibu hilo nimelala nalo miaka yote, wala halijanipumzisha.

Siku ya kutoka hospitali nilisimama mlangoni nikitazama sakafu. Mama mkwe akageukia ukuta, akasema na binti yake, kama desturi inavyotaka.

"Mama Kabwe, ambia bwana yako, motoka yake ni ya nguvu. Mashimo yote niliyasikia, nayo ikapita. Lakini mimi sikuombaka motoka ya nguvu. Niliombaka kufika nikiona."

Nilikwenda nje nikalia karibu na gurudumu, mtu mzima na ndevu zangu.

Baadaye niliwasimulia wazee wa kwetu. Wakanishangaa. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini sikuja kwao asubuhi ile ile. Kuku mmoja na maneno mawili, wangenifungulia mwiko ule nikae na mama mkwe kiti kimoja mpaka Mansa, bila aibu kwa yeyote. Ndivyo wanavyofanya kukiwa na ugonjwa. Mimi nilikuwa na kuku kumi na wawili uani, na sikuwaza kuuliza, kwa sababu akili yote ilikuwa kwenye bati.

Mama yule anaishi kwangu hadi leo. Ukimwita kwa upande wa kushoto anageuza mwili mzima ndipo akuone. Mawe ya mchele anayatafuta kwa vidole. Hajawahi kurudia maneno yale, na mara nyingine natamani angenigombeza.

Kwa hiyo, mwanangu, penda gari lako, sikukatazi. Lakini siku umebeba mtu, usianze na sifa za gari. Muulize aliyepanda anaumia wapi, umpe nafasi iliyo bora, hata kama ni ndani ya kitu unachokidharau. Na mila ikikubana, kimbia kwa wazee uulize, usijifiche nyuma yake. Mungu akulinde barabarani, akupe unyenyekevu mapema kuliko alivyonipa mimi, na wote utakaowabeba wafike wazima. Amina.