Geti Lililobaki Nguzo Mbili

Mama Vifungo alishona magwanda ya wanajeshi miaka thelathini na mmoja bila kukanyaga ndani ya kambi. Nguo zilitolewa getini zimefungwa mafurushi, zikarudi getini zimekazwa vifungo. Hakuna shati lake lililowahi kurudishwa, na hilo alilisema hata kwa asiyemuuliza.

Kisha kambi ikafungwa. Malori yaliondoka siku nne mfululizo, seng'enge ikang'olewa, mji ukabaki unatapatapa kama mkia wa mjusi aliyekwisha kimbia.

Wakaja wapimaji wa ardhi, wakaitisha mkutano. Mkutanoni walisema mabweni ya askari yatakuwa karakana za wananchi, umeme utatoka juani, maji ya mvua yatakingwa mapaani, na uwanja wa gwaride ukishasafishwa oili utapandwa mboga. Anayetaka chumba aje mwenyewe ofisini mwao, mle kambini, Jumatano kabla ya saa sita. Vitakavyobaki atapewa tajiri mmoja mwenye maghala.

Mama Vifungo alielewa neno mojamoja, lakini yakikusanyika yalimpotea. Tangu lini mtu akapewa chumba asichokipigia magoti? Hata hivyo alikitaka. Nyumbani cherehani ilibanwa kati ya kitanda na ukuta, gizani, na macho yake siku hizi yalidai dirisha.

Jumatano alikuta watu kama ishirini wamepanga foleni getini. Geti lenyewe halikuwepo. Zilibaki nguzo mbili, na uwanja mtupu kushoto na kulia. Akashika mkia wa foleni, nyuma ya shemeji yake, aliyekuwa kinyozi wa askari.

"Shemeji, umekuja kuandikisha cherehani au ulimi?"

"Nimekuja kuandikisha kipara chako, kiwe taa ya karakana. Wanaita saa ngapi hawa?"

"Nani anaita?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe uliyetangulia!"

Kinyozi akamuuliza wa mbele yake, naye akamuuliza wa mbele yake, swali likafika nguzoni, likarudi mikono mitupu. Jua likapanda. Mbuzi akapita katikati ya nguzo, akaingia zake ndani akitafuna, wala hakusemeshwa.

Mama Vifungo akamtazama yule mbuzi mpaka kichwa kikamzunguka. Kama hakuna askari, wanamngoja nani? Na kama yupo, mbona mbuzi kapita?

"Saa ngapi, shemeji?"

"Sita kasoro robo."

"Basi mimi naingia."

"Bila kuitwa? Utatuponza, mwanamke wewe!"

Alipita amekunja mabega, akingoja kuambiwa "Simama!" Hakuambiwa. Kimya kile kilimtisha zaidi.

Ofisini, mpimaji wa kike, umri wa mjukuu wake, alikuwa akifunga daftari.

"Shikamoo, bibi. Tumekaa tangu asubuhi, hatujaona mtu. Tukajua vyumba hamvitaki."

"Marahaba. Tupo getini, mjukuu wangu. Watu ishirini."

"Geti gani, bibi?"

Akafungua kinywa aeleze, akaona hata yeye hajui.

"Niandike mimi, chumba chenye dirisha la mawio. Halafu usifunge hilo daftari."

Akarudi mbio mpaka penye nguzo. "Njooni, kumefunguliwa!" Hakuna aliyesogea. Ndipo akakaza shingo, akasimama palepale alipokuwa akisimama askari wa zamu.

"Wa kwanza, pita!"

Wakaja mmojammoja, kila mtu na kitambulisho mkononi, wakimwonyesha yeye. Naye, bila kujua kwa nini, akawa anavikagua. Cha kinyozi alikigeuza mara mbili.