Mlango wa Kidole Kimoja

Seremala anayetujengea shule upya hajaribu mlango kwa mkono. Huusukuma kwa kidole cha mwisho, kile kidogo kabisa, na ukisita tu anaung'oa na kuanza tena. Tangu tetemeko lilipoangusha madarasa ya vijiji vyote vya huku mlimani, milango yake yote hufungukia nje. Ana viganja vipana kama sepetu na sauti ya mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Shemeji yangu alimtania, "Fundi, huo hata kuku ataufungua." Akajibu bila kuinua macho, "Ndivyo ninavyotaka, shemeji. Mtoto akiogopa, nguvu humwisha."

Jana ardhi ilitikisika tena, watoto wakiwa ndani ya darasa la kwanza kukamilika. Nilikuwa uwanjani nachekecha mchanga. Kabla sijapata hata sauti ya kuita, mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni binti yangu, mdogo kuliko wote darasani. Wakamiminika nje mpaka wa mwisho. Tuliwakumbatia, tukalia, tukamshukuru Mungu. Nilipogeuka nimshukuru na fundi, nilimkuta amechuchumaa mlangoni, kidole chake kidogo kikiwa kwenye ubao.

"Bawaba ya chini bado inakaza," alisema, akanyoosha mkono apewe bisibisi.