Barua Isiyo na Salamu

Ofisi yetu ya uwakili ilikuwa kongwe kuliko reli, au ndivyo wazee wa Tabora walivyopenda kutania. Ukweli ni huu: babu wa wakili wetu alikuja na misafara kuuza vitambaa, baba yake akaifungua ofisi zama za Mwingereza, na yeye mwenyewe akazaliwa chumba cha nyuma, palepale tulipokuja kuweka mafaili. Alikuwa Mhindi kwa sura na Mnyamwezi kwa mengine yote. Mteja akiingia asubuhi na "mwangaluka" yake, anajibiwa "mwangaluka" kabla hajakaa, anaulizwa habari za shamba, za ng'ombe, za wajukuu, na kesi inakuja mwisho kabisa.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, na nilijiona sina mfano mkoa mzima. Usinicheke. Nchi ilikuwa bado inanukia uhuru, na msichana anayelipwa mshahara kwa kugonga mashine alikuwa na haki ya kuringa kidogo.

Jumamosi ofisi haikutoza mtu. Baba yake wakili ndiye aliyeanza, mtoto akaendeleza. Tulitandika mikeka barazani, tukatoa mabenchi mawili na birika la chai, na mwenye shida yoyote alikuja kuuliza. Wengine waliteremka kwenye malori ya pamba kutoka Igunga, wengine walitembea kwa miguu kutoka vijiji vya jirani. Wakili alikaa kizingitini, mikono ya shati imekunjwa, akasikiliza mambo ya mipaka, mahari na mbuzi waliokula mihogo ya watu. Mimi nilikaa kando na mashine yangu, tayari kuchapa.

Jumamosi moja akaja bibi mmoja kutoka Kwihara, mfupi, kanga kiunoni imefungwa kama mtu anayekwenda kupigana.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu yuko wapi? Nimekuja kushtaki."

Wakili akacheka mpaka chai ikamwagika. Akamkaribisha, akamuuliza anamshtaki nani.

"Kijiji kizima," akasema bibi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kwihara walikuwa wamejenga zahanati kwa mikono yao wenyewe, kujitegemea kwelikweli, kila nyumba matofali yake. Bibi huyu alikuwa mkunga. Watoto wa kijiji, na baba zao pia, karibu wote walipita mikononi mwake. Wakati wa ujenzi alibeba maji ya kufyatulia matofali akijua kwamba zahanati ikifunguliwa, chumba cha uzazi ni chake. Sasa mganga aliyeletwa na serikali alitaka mkunga msaidizi anayejua kuandika daftari la uzazi. Bibi hakujua hata herufi moja. Kama hangepata cheti cha kisomo kabla ya ufunguzi, kazi angepewa msichana wa darasa la saba.

"Hajawahi kumpokea hata mtoto wa mbuzi!" bibi akafoka. "Miaka yote hii nazalisha gizani, leo wamejenga nyumba yenye dirisha, mimi nikae nje? Niandikie mashtaka, binti. Andika kwa hasira."

Nikaweka karatasi kwenye mashine. Wallahi nilikuwa tayari, nilishapandwa na mori. Lakini wakili akaninyooshea kidole nisubiri.

"Bibi, kesi hii utashindwa," akasema. "Mganga ana haki, daftari lazima liandikwe. Ila hapa barazani kuna darasa la kisomo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni. Mwalimu ni huyu hapa."

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mwalimu. Kumbe ni mimi! Wakati ule chama kilikuwa kimeagiza kila anayejua kusoma amfundishe asiyejua, na mzee wangu alikuwa ameshaahidi baraza, taa, chaki na mpiga chapa wake bila kuniuliza. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kununua ubao.

Basi tukaanza. Walikuwa watu kumi na wanne: wauza dagaa wa sokoni, fundi viatu wa jirani, tarishi wetu mwenyewe, na bibi, ambaye alihamia kwa binti yake mtaa wa Ng'ambo, hapohapo mjini, ili awe karibu. Shida ikawa vitabu. Tuliambiwa viko njiani, vinakuja na treni, na kila treni ilikuja bila vitabu. Herufi niliwafundisha ubaoni, silabi nikawafundisha, baadaye wakataka maneno ya kusoma. Nami nilikuwa na nini? Nilikuwa na kabati zima la nakala za zamani: hati za kiapo, wosia, mikataba ya nyumba. Nikakaa kutwa nzima nikifuta majina ya wateja kwa wino mweusi, nikawagawia.

Hapo ndipo nilipoharibu, na nilipokuwa nikiharibu nilijiona hodari ajabu.

Kwa sababu walisoma, tena haraka! Baada ya miezi michache darasa zima lilikuwa likiimba kwa sauti moja: "Mimi niliyeweka sahihi hapa chini, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote..." Wapita njia walidhani tunaapishwa. Sokoni muuza dagaa mmoja akawa anawaambia wateja kwamba dagaa wake wameuzwa mbele ya mashahidi na hawarudishwi. Mwingine alimwapia mumewe, bila kushurutishwa, kwamba leo hapiki. Mume akaja ofisini kuuliza kama tumemfungulia mkewe kesi.

Bibi alikuwa mbele ya wote. Lakini alikuwa mbishi! Siku moja niliwaeleza kwamba katika kiapo kila jambo linaanza na "kwamba", na unaandika tu lililotokea, ulilolishuhudia wewe. Huandiki umefurahi wala umehuzunika.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu mahakama inataka yaliyotokea, bibi."

"Kwani furaha haitokei?"

"Bibi, andika ninavyokwambia!"

"Haya, mke mwenzangu, umeshinda. Lakini sijakubali."

Ukaja mtihani, wiki mbili tu kabla ya ufunguzi wa zahanati. Mkaguzi wa elimu ya watu wazima alifika asubuhi na mkoba wa ngozi na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Bibi alikuwa amevaa kanga mpya. Alinishika mkono, na mkono wake, ule uliokuwa haujui woga, ulikuwa wa baridi. "Nikianguka," akaninong'oneza, "narudi Kwihara kuuza karanga." Nikamrekebishia kanga, nikamsukuma kwenye mkeka wake.

Kusoma walipita wote. Kisha mkaguzi akawaambia wamwandikie ndugu barua ya kumjulisha habari za nyumbani. Nikawatazama wanavyoinama, ndimi nje, kalamu zimebanwa kama mipini ya majembe, nikafurahi. Mkaguzi akaziokota karatasi, akaanza na ya bibi, akaisoma kwa sauti:

"Mimi, mkazi wa Kwihara, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa na kueleza kama ifuatavyo. Moja, kwamba mvua imenyesha. Mbili, kwamba mbuzi wangu amezaa mapacha alfajiri, nami nilikuwepo. Tatu, kwamba kuku mweupe haonekani, na simtuhumu mtu. Haya yote ni kweli kwa kadiri ya ujuzi na imani yangu."

Akaitazama ya pili. Kiapo. Ya tatu, kiapo. Tarishi wetu alikuwa ameandika wosia.

"Hii ni barua?" mkaguzi akauliza. "Salamu ziko wapi? Mtu anamwandikia ndugu yake bila hata hujambo? Bila wazima huko? Mwalimu, umewafundisha barua au umewafundisha kushtakiana?"

Yallah! Nilitamani ardhi inimeze. Barua isiyo na salamu kwetu ni sawa na mgeni kuingia chumbani bila hodi, na mimi, Mnyamwezi niliyelelewa, nilikuwa nimewafundisha watu wazima kumi na wanne kuingia bila hodi. Nikaona kalamu nyekundu inafunguliwa. Bibi alikuwa ananitazama mimi, hamtazami mkaguzi.

"Kosa ni langu!" nikapayuka. "Wamenifuata mimi. Nianguke mimi!"

Wakili alikuwa dirishani muda wote. Akatoka, akamsalimu mkaguzi, akamuuliza kwa upole kama zile karatasi zinasomeka.

"Zinasomeka."

"Umeelewa habari za mvua, mbuzi na kuku?"

"Nimeelewa."

"Kuna neno lililoandikwa vibaya?"

Mkaguzi akapitia tena. "La bibi hakuna," akakiri. "Lakini mzee, barua ni barua."

Ndipo bibi akasimama. Akasema, "Mwanangu, mimi sitafuti kazi ya kuandika barua. Natafuta daftari la uzazi. Niulize habari za uzazi, niandike, kisha uniangushe ukipenda."

Mkaguzi akafikiri kidogo. Akampa karatasi safi, akamwambia aeleze mtoto wa mwisho aliyempokea. Bibi akainama. Aliandika muda mrefu, nasikia mpaka ncha ya kalamu inavyokwaruza. Safari hii mkaguzi hakusoma kwa sauti. Alisoma kimya, mimi nikachungulia begani kwake kwa utovu wa adabu niliozaliwa nao. Palikuwa na saa uchungu ulipoanza, na nani alikuwepo, na wembe uliochemshwa. Kisha: "Kwamba mtoto hakulia. Kwamba nilimpangusa na kumpuliza. Kwamba sikumweka chini mpaka alipolia."

Mkaguzi akafunika kalamu nyekundu. Akachukua ya bluu.

Wote walipita, kwa sharti kwamba nikae nao wiki mbili zaidi nikiwafundisha salamu. Bibi alipiga kigelegele, wauza dagaa wakapokea, ngoma ikatoka sijui wapi, na wakili akafunga ofisi siku ya kazi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akacheza, mzee wa watu, suruali imepanda juu ya vifundo. Mkaguzi naye alitikisa mabega mara mbili tatu, nilimwona kwa macho yangu, naweza kuapa.

Bibi akapata chumba chake chenye dirisha. Mganga wa zahanati aliwahi kuniambia alijaribu kumwachisha "kwamba" zake kwenye daftari, akashindwa, akazoea, na mwishowe naye akaanza kuandika hivyohivyo.

Mimi niliolewa miaka michache baadaye. Mimba yangu ya kwanza ilipokaribia, mama mkwe alitaka niende hospitali kubwa ya mjini. Nikasema hapana, mimi nakwenda Kwihara. Nilijifungua mchana kweupe, jua limeingia kwenye lile dirisha, bibi akinitukana na kunibembeleza kwa zamu: "Sukuma, mke mwenzangu! Ulikuwa hodari wa kutuamrisha barazani, leo nani anamwamrisha nani?" Nilimng'ata mkono. Ndiyo, nilimng'ata, na hakuniachia.

Jioni, mtoto akiwa ananyonya, alikaa pembeni ya kitanda na kalamu yake, akaandika karatasi moja nje ya daftari, akanikunjia mkononi. Ninayo hadi leo, iko ndani ya msahafu wangu. Juu kabisa ameweka salamu, hujambo na mwanao hajambo, kama nilivyomfundisha zile wiki mbili. Halafu inaendelea hivi:

"Moja, kwamba mtoto wa kike amepokelewa hai leo alasiri, nami nilikuwepo.

Mbili, kwamba mama yake alipiga kelele kushinda mbuzi wangu.

Tatu, kwamba mama huyo ndiye aliyenifundisha kuandika haya.

Nne, kwamba nimefurahi."