Ng'ombe Wanailamba Nyumba Aliyotuachia Mume Wangu

Tunduma, tarehe 6 Desemba

Dada Admin, salamu. Naomba ufiche jina langu, maana wakwe zangu nao wanaufuata ukurasa huu.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na tisa, nina watoto watatu. Naishi Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, nauza vitenge. Mume wangu, nitamwita Baba Atu, alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa wakala wa forodha hapa mpakani. Maisha yake yote yalikuwa malori, vumbi na honi, ndiyo maana alitamani sehemu moja tulivu ambapo wanawe wangekwenda likizo wakasikia ndege.

Sehemu hiyo aliipata bondeni, upande wa Ivuna, pale mto unapopanuka na kuingia Ziwa Rukwa. Akajenga nyumba ambayo sijaona mfano wake huku kwetu. Hakutaka tofali za kuchoma kwa sababu zinamaliza miti, akanunua mashine ya mkono ya kushindilia udongo. Akaweka umeme wa jua, tangi la maji ya mvua na madirisha mapana yanayotazama mdomo wa mto. Juu ya paa alitandaza udongo akaotesha nyasi, ili ndani kuwe na ubaridi. Watu walisimama kupiga picha wakidhani ni hoteli. Kila tulipoondoka aliupiga ukuta makofi mawili mepesi, kama mtu anayeaga ng'ombe wake. Karibu na mlango, lipu ya udongo ikiwa bado mbichi, alibandika kiganja chake, na watoto wakabandika vyao chini yake.

Sasa niwaeleze udongo ulikotoka. Wachemsha chumvi wa Ivuna huchukua udongo wenye chumvi, wakaumwagia maji, wakachuja, kisha wakayachemsha yale maji. Udongo unaobaki hutupwa, na kwa miaka mingi umekuwa vilima. Baba Atu alivipenda vile vilima. "Mama Atu, huu umeshachujwa tayari. Hatuchimbi shimo, hatukati mti," aliniambia huku anacheka. Sisi ni watu wa milimani, watu wa kahawa. Tuliamini chumvi yote ilishakwenda kwenye sufuria.

Mwezi uliopita nilikwenda kufanya usafi. Nilikuta ng'ombe wamejipanga ubavuni mwa nyumba kama wako horini. Walikuwa wanalamba ukuta. Mfugaji wao, mtu mzima, alikuwa ameegemea fimbo anawatazama.

"Hawa hawafukuziki, mama," akaniambia. "Nimechapa mpaka mkono umechoka. Nyumba yenu tamu."

"Wameanza lini?"

"Tangu mwenyewe aache kuja. Mkiichoka mtuuzie sisi, hatutanunua chumvi ya mifugo tena."

Nilicheka naye. Kisha nikazunguka nyuma, na kicheko kikaniisha. Usawa wa magoti ukuta ulikuwa umeliwa kiasi kwamba mkono wangu uliingia mpaka kiwiko. Juu ya hapo ulikuwa unatoka jasho kama chumvi iliyoachwa wazi, na mvua ilikuwa bado haijanyesha. Niliushika, bonge likabaki mkononi. Mlango wa chumba kikubwa ulikuwa haufungi tena, fremu imekaa upande. Viganja vya watoto havipo. Cha baba yao kimebaki vidole vitatu.

Nikatazama juu. Lile paa la nyasi mvua ikinyesha linakunywa maji, linakuwa zito. Sikulala pale. Nilirudi Tunduma na lile bonge kwenye mfuko wa nailoni.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ameshapanga ukoo mzima ule Krismasi kule. Wajukuu wote watalala na bibi yao kwenye mikeka, chumba kikubwa. Tulipokutana kwa mama mkwe nilitoa lile bonge kwenye sahani. Lilikuwa limekaa ndani ya maji yake lenyewe.

"Shemeji, udongo gani usioloa?" akasema. "Sema tu umempata mnunuzi huko ng'ambo ya mpaka, Nakonde."

"Nakuomba twende ukaone kwa macho yako."

"Nitaiona Krismasi. Kaka aliniachia funguo mimi, wewe huwa nakuazima tu."

"Basi watoto walale hata nje, kwenye hema."

"Nyumba ya baba yao ipo, walale nje kama wachunga mbuzi?" Wengine wakacheka.

Mama mkwe akanyoosha mkono. Akaivuta ile sahani, akamega kidogo, akaweka ulimini. Aliniangalia mimi, hakumwangalia mwanawe.

"Ina chumvi," alisema taratibu.

Nilidhani yamekwisha.

"Lakini mwanangu aliijenga kwa mikono yake. Haiwezi kunidhuru. Nitalala humo na wajukuu wangu." Kisha akaniambia nimmiminie chai.

Kwetu mama mkwe akishasema hivyo, mkwe habishi. Nilimmiminia.

Mvua zimeanza. Naweza kwenda kwa mtendaji wa kijiji aje aifunge, lakini nitaitwa mke aliyebomoa nyumba ya marehemu, na shemeji ameshaniambia watoto ni wa ukoo, wataenda nikipenda nisipopenda. Nikikaa kimya, nitakuwa nimewakunjia nguo wanangu na kuwapeleka kulala chini ya lile paa. Jana mdogo wao aliniuliza kama mkono wake bado uko pale mlangoni. Nilimwambia upo.

Ninyi mliowahi kusimama peke yenu mbele ya wakwe, niambieni nianzie wapi. Msichelewe, wameshaagiza gari.

Na popote ulipo, ukisikia mvua inaanza kugonga bati lako, nikumbuke mimi na wanangu.