Nimepaua gereji ya baba kwa mikono yangu, kaka akaja kulaza gari lake

Admin, jina langu usiliweke. Huku Kyela tunajuana, na hilo paa lenyewe wapita njia wanalifahamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 39, ndoa ilinishinda, nikarudi kwa mama Bondeni na mabegi mawili. Baba alishafariki. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu, ambaye anafanya biashara Malawi na familia yake iko hukohuko.

Nauza vyungu. Navifuata Ikombe kwa mtumbwi, nawauzia mama ntilie na wateja wanaoshuka kutoka Mbeya. Pa kuviweka sikuwa napo ila gereji ambayo baba alikuwa analaza pikapu yake zamani. Bati zilikuwa zimeoza, ukisimama ndani unaona mawingu, na kenchi mbili zinazobeba paa zimeliwa na mchwa. Nilimpigia kaka tusaidiane, akasema hilo ni gofu, niliache lianguke.

Fundi aliponitajia bei yake niliondoka bila kuaga. Ndipo mzee mmoja wa mjini mwenye duka la vifaa, aliyekuwa anabomoa stoo yake, akaniachia bati kuukuu kwa bei ya kutupa. Nilichagua zisizo na kutu, nikazinyoosha kwa nyundo. Mbao mpya nilinunua za kenchi mbili tu, kenchi zilizobaki nikazipaka oili chafu. Nikavaa suruali ya marehemu baba, nikapanda. Mama, na miguu yake ile inayovimba, alinishikia ngazi. Waliopita walicheka. Mara ya kwanza nilipigilia misumari kwenye mabonde ya bati, mvua ikaingia yote. Yule mzee alipokuja kuona akanieleza kwamba msumari unapigwa mgongoni, maji yanapita bondeni. Nikang'oa, nikaziba matundu kwa lami, nikaanza upya. Karibu miezi miwili.

Siku mvua kubwa ilipopiga na ndani pakabaki pakavu, mama aliingia, akapapasa sakafu kwa kiganja, akaniambia, "Ndaga fijo, mwanangu." Asante sana. Nililia, maana katika ndoa ya miaka kumi sikuwahi kushukuriwa hivyo.

Haikupita muda kaka akaja na gari alilonunua. Mimi nilikuwa Ikombe. Niliporudi nilikuta gari limelala gerejini na vyungu vyangu vimerundikwa nje chini ya miti ya kakao, vingine vimepasuka. Nikamuuliza kwa utaratibu tu. Akasema gereji ni ya gari, na mji wa baba una mrithi. Nikamgeukia mama, nikijua yeye atasema ukweli.

"Mwachie kaka yako," akasema. "Wewe ni binti, unaweza kuolewa tena ukaondoka. Huyu ndiye atakayenizika."

Jamani. Nani anampeleka hospitali? Nani anamkanda hiyo miguu? Kaka mwenyewe alikaa siku nne, akapanda basi kurudi Malawi, gari akalifungia humo na ufunguo akaondoka nao.

Nimehama. Nimepanga chumba kimoja hapahapa Bondeni, na mwenye nyumba ameniruhusu nijenge banda la vyungu uani, lakini bati sina. Baba mdogo anasema zile ni jasho langu, nikazing'oe, hakuna wa kunizuia. Kweli kaka hayupo. Ila mama yupo, anashinda uani kwake, na nikipanda ataniona. Bado ananitumia ndizi na salamu kama vile hakuna kilichotokea. Ndizi nazila, salamu sizijibu, halafu najichukia.

Wenye wazazi naombeni mnisemeshe, mkali na mpole wote nawasikiliza. Nikang'oe bati zangu mama akinitazama, au nimwachie kaka lile paa, na mama nimwachie pia?