Mama Mkwe, Radi na Printa Yangu

Sogea karibu nikusimulie, maana hapa Lemara bado wananicheka. Ilikuwa jioni; kesho yake binti yetu alikuwa apate kipaimara, na ratiba za ibada nilizoahidi kanisani nilikuwa sijazichapa. Nikabonyeza kitufe cha printa. Kimya.

Mama mkwe, aliyefika asubuhi kutoka Oldonyo Sambu, alikuwa ananitazama, nikaona nimwelimishe.

"Mama, humu ndani kuna kifaa cha kupokea umeme. Kimeungua."

"Pole, baba. Kule ukutani umeangalia?"

"Mama, hili linataka utaalamu."

Nikafungua skrubu sita na kuchomoa katriji, wino ukanichafua hadi kwenye kola. Mwishowe nikampigia mchungaji kumwarifu kwamba printa imekufa. Nikiwa bado naongea, mama mkwe akainama nyuma ya kochi. Taa ya printa ikawaka.

"Radi ilipopiga mlimani mchana nilizima swichi zote za ukutani, ndivyo tunavyofanya kwetu," akasema. "Nikadhani mtaalamu ameona."

Kwenye simu nikamsikia mchungaji akicheka.

Printa yako isipowaka, angalia kwanza swichi ya ukutani, ndipo ushike bisibisi.