Sashiko Kabla ya Jua Kuzama

Mimi ni fundi wa nguo za watoto hapa Kiogoro. Tangu nijifunze sashiko kwenye simu, ule mshono wa Kijapani wa uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu, nimekuwa nikijigamba kwa kila mteja.

Ijumaa iliyopita Mama Kemunto alitoka Manga kuchukua gauni la bintiye, ambaye angebarikiwa kanisani kesho yake. Alikuja na baba mkwe wake, mzee wa kanisa. Sisi Wasabato, jua likizama Ijumaa, hatushiki tena sindano wala mkasi. Nami nilibakiza mstari mzima wa nakshi ya mawimbi! Nikalitandaza gauni mapajani, nikashona mbiombio, jasho likinitoka, jicho moja dirishani.

"Fundi, mshono huu hautafumuka kweli?" Mama Kemunto akauliza.

"Huu ni wa Kijapani, mama! Hata ng'ombe avute, haufumuki."

Nikakata uzi, nikafungia mkasi kabatini, nikashusha pumzi. Jua likazama. Nikainuka kumkabidhi gauni kwa mikono miwili, nikahisi baridi magotini. Nikadhani ni upepo wa mlangoni.

Mama Kemunto akalipokea, akavuta. Sketi yangu ikaenda nalo. Akavuta tena, kwa nguvu, nayo ikapanda hadi mapajani. Mzee akageukia ukuta haraka, kofia usoni.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Kemunto aliinama, akakagua mawimbi yangu yaliyoshika gauni na sketi pamoja, kisha akaniangalia.

"Ni kweli, fundi," akasema. "Haufumuki."